Waliopona Risasi: Askari, Wapagazi na Matibabu Chini ya Mlima Meru

Mapema Machi 1916, kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Stewart kiliondoka Longido na kushika njia ya kusini-mashariki. Kulia kulikuwa na Mlima Meru, kushoto Kilimanjaro, na katikati nyika kavu isiyo na maji. Walipoivuka wakafika Ngare Nanyuki, kwenye mto mdogo unaopita jirani na Momela. Shabaha yao ilikuwa kutokea Boma Ng'ombe na kuwazibia Wajerumani njia ya reli ya Moshi, wakati Jenerali Jan Smuts akiwasukuma kutoka upande wa Taveta. Stewart alichelewa. Wajerumani wakateremkia Kahe, wakaponyoka, na vita vilivyoonekana kuwa karibu kwisha vikaendelea hadi Novemba 1918.

Safari hiyo imeandikwa mara nyingi, kwa ramani na kwa majina ya makamanda. Hapa nataka kuisimulia kwa upande wa watu walioitembea: nani aliugua, nani alitibiwa, na nani aliachwa arudi kwao na maradhi yake. Eneo la Meru ni mahali pa haki pa kuanzia historia hiyo. Katika karne moja ardhi hii imewaona askari wa Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia, imewapeleka vijana wake vitani Kagera, na imempokea hata askari Mmarekani wa vita vya Vietnam aliyekuja kuishi na kufia hapa. Nimezisoma habari zao kwa muda mrefu na kila mara nimekuta jambo lilelile. Risasi iliua wachache. Wengi walimalizwa na yaliyofuata, na tiba ilimfikia kwanza mwenye cheo, mwenye rangi iliyotakiwa, au mwenye karatasi.

Tuanze na mwaka huo wa 1916. Kwa kila askari mmoja wa upande wa Waingereza aliyeuawa au kujeruhiwa na adui katika Afrika Mashariki, zaidi ya 30 waliangushwa na maradhi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini kilishuka Februari kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, waliokuwa bado wanafaa kwa kazi walikuwa 116. Hakikuwa kikosi kilichoshindwa vitani. Kilishindwa na mbu, na maji machafu, na matumbo matupu.

Aprili mwaka huohuo Jenerali Van Deventer, wa upande wa Waingereza, alipita Arusha na wapanda farasi wake, akawateka Wajerumani na askari wao kwenye kilima cha Lolkisale, kisha akakimbilia Kondoa Irangi. Masika ilikuwa imeanza. Farasi walikufa njiani kwa mamia, kwa mbung'o na kwa ugonjwa wao wenyewe wa farasi. Mvua ikakata barabara nyuma ya jeshi, magari yakazama kwenye tope jeusi, na chakula na dawa vikabaki upande wa pili. Waliofika Kondoa walikula walichokikuta mashambani mwa wenyeji, na hapo wenyeji nao wakaingia katika njaa ambayo haikuwa yao.

Maradhi yalikuwa yaleyale kwa pande zote mbili: malaria, kuhara damu, kichomi, homa ya mkojo mweusi, na funza. Funza hasemwi sana katika vitabu vya vita, lakini alitoa askari wengi kazini. Anaingia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, kidole kinavimba na kutunga usaha, na mtu anayetembea pekupeku kilomita 20 kwa siku hawezi tena kuweka mguu chini. Hata Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliteswa na funza. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na daktari wa kumtoa na viatu vya kuvaa kesho yake.

Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini, kwa hiyo kwinini ikawaishia. Wataalamu wa kituo cha Amani, kule Usambara, wakaanza kuitengeneza wenyewe kutokana na magome ya mti wa kwinini uliopandwa huko. Jeshi lilipokimbilia kusini, magome hayo yalichemshwa tu na maji yake kunywewa. Yalikuwa machungu kiasi kwamba askari wa Kizungu waliyapa jina la pombe kali ya kamanda wao. Lakini dawa chache zinapogawanywa vitani zina foleni yake, na mwisho wa foleni hiyo alisimama mpagazi.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu bila mpagazi vita vile visingepiganwa kabisa. Magari yalikuwa machache, wanyama walikufa, na kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza pekee uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika muda wote wa vita. Hesabu rasmi ya waliokufa ni kama 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini ni zaidi ya hapo. Karibu 45,000 kati yao walitoka Kenya. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi hicho, na wanunuzi wanaokwenda pale kila siku hupita juu ya kumbukumbu hiyo bila kuambiwa.

Wapagazi hawa waliuawa na nini? Kwanza, na chakula. Mgawo ulikuwa posho ya mahindi, mara nyingi ikiwa imesagwa vibaya. Unga wa namna hiyo unahitaji kuchemka muda mrefu. Mpagazi aliyefika kambini giza limeingia, baada ya kubeba mzigo wa kilo 25 kutwa nzima, kuni zikiwa zimelowa, aliula nusu mbichi. Mtu wa milimani aliyekulia ndizi na maziwa, au mtu wa pwani aliyezoea wali, tumbo lake halikuwahi kuona kitu kama hicho. Utumbo ukachubuka, kuhara kukaanza, na kuhara kukageuka kuwa kuhara damu. Pili, na baridi. Wengi walitoka sehemu za joto wakapelekwa nyanda za juu wakiwa na blanketi moja jembamba, au bila hilo. Kichomi kilifanya kazi yake. Tatu, na mpangilio wenyewe wa matibabu: hospitali za Wazungu zilikuwa mbali na za Wahindi, za Wahindi mbali na za askari wa Kiafrika, na za wapagazi zilikuja mwisho, zikiwa na waganga wachache kuliko zote. Aliyeanguka njiani mara nyingi alifia njiani.

Afisa aliyesimamia kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, alikijua Kiswahili na alipigania chakula bora, mablanketi na hospitali. Baadhi ya mambo yalirekebishwa, ila yalirekebishwa wakati makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kuzikwa. Baada ya vita alidai pia kwamba mishahara ya waliokufa, ambayo haikuwa na wa kuichukua kwa kuwa majina na vijiji havikuandikwa sawasawa, itumike kwa manufaa ya Waafrika. Hakusikilizwa. Kwa upande wa Wajerumani, wapagazi wengi hawakuwa hata na daftari la kudai malipo yao.

Momela penyewe pana mfano wa jinsi kumbukumbu inavyogawanywa. Palikuwa na shamba la Ulrich na Margarete Trappe, Wajerumani waliofika kabla ya vita. Bibi huyo alikuwa mwindaji hodari, na vita vilipoanza alilisaidia jeshi la nchi yake kwa ujumbe na upelelezi juu ya farasi. Shamba lao lilichukuliwa kama mali ya adui, naye akarudi Momela miaka ya 1920 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1957. Vitabu vimeandikwa juu yake, na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha bado husimuliwa habari zake. Sina ugomvi na hilo. Alikuwa mtu jasiri na historia yake ni sehemu ya historia yetu. Ila katika miteremko hiyohiyo walichukuliwa Wameru na Waarusha kubeba mizigo ya vita vile, na sijui kibao hata kimoja pale kinachotaja jina la mmoja wao.

Hali hii haikuwa ajali. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilichapisha ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, Wahindi na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yao huenda ikafika 350,000. Iliomba radhi. Mzungu alipata jiwe lenye jina lake. Mwafrika alipata sanamu moja kwa niaba ya wote, kama ile ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Von Lettow alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa amebaki na askari 1,168 wa Kiafrika na maelfu ya wapagazi. Askari wake wakapelekwa Tabora kusubiri kuachiliwa. Ndipo homa kubwa ya mafua, iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, ikawakuta kambini. Watu waliotembea miaka minne kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi, waliokwepa majeshi matatu, wakafa kwa homa wakingoja kwenda nyumbani.

Waliobaki walisubiri malipo yao kwa miaka 46. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai mishahara waliyokuwa wakidai. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na kitu. Inasimuliwa kwamba mlipaji, kwa kukosa namna nyingine, alimkabidhi kila mzee ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Kisa hiki husimuliwa kama jambo la kuchangamsha, nami kila nikikisoma huona uchungu ndani yake. Wazee wa miaka sabini walisimamishwa kufanya gwaride na fagio ili wathibitishe kwamba walitumika. Na fedha zile zilikuwa mishahara tu. Kwa goti lililovunjika, kwa jicho lililopofuka, kwa mapafu yaliyoharibiwa na kichomi, hakuna aliyefungua ofisi.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa na madaktari wazuri zaidi, na ni haki kulisema hilo. Tanganyika ilitoa wanaume wapatao 87,000. Walipigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Katika bonde la Kabaw, mwaka 1944, mahali palipojulikana kwa malaria na homa ya taifasi ya vichakani, jeshi liliwalazimisha askari kumeza vidonge vya mepakrini kila siku mbele ya macho ya wakubwa wao. Vidonge hivyo viligeuza ngozi kuwa ya manjano, na askari hawakuvipenda, lakini viliokoa maelfu. Chakula nacho kiliboreshwa. Vijana wa Kiafrika walifundishwa kufunga majeraha, kupima damu na kutunza wagonjwa, na baada ya vita wengi wao wakawa madresa na wasaidizi katika zahanati za vijijini. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kilichokosekana mwaka 1916 hakikuwa elimu peke yake. Kilikosekana pia uamuzi kwamba mwili wa askari Mwafrika una thamani ya kutunzwa.

Uamuzi huo ulidumu kadiri vita vilivyodumu. Siku ya kuaga jeshi, askari Mwafrika alipewa kiinua mgongo ambacho kwa kila mwezi wa utumishi kilikuwa karibu theluthi ya kile cha Mzungu wa daraja la chini kama lake. Akapanda treni hadi Moshi au Arusha, akaenda kwao kwa miguu. Aliyekuwa na malaria sugu, masikio yaliyozibwa na mizinga, au ndoto zilizomwamsha usiku akipiga kelele, alikwenda hospitali ya misheni kama ile ya Nkoaranga au kwa mganga wa kienyeji. Jeshi lilikuwa limemaliza naye.

Wakati huohuo, kando ya Ziwa Duluti pale Tengeru, serikali ya Kiingereza ilikuwa imewajengea makazi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto wa askari wa Poland waliokuwa wakipigana upande wa Waingereza. Walianza kufika mwaka 1942, na kambi ilikuwa na nyumba, shule, kanisa na hospitali. Walistahili kila kitu walichopewa. Walikuwa wametolewa makwao na kupelekwa Siberia, wakafika Afrika wakiwa mifupa mitupu, na karibu 150 kati yao wamelala katika makaburi ya Tengeru hadi leo. Nawataja kwa sababu wanaonyesha jambo moja wazi: chini ya mlima huuhuu, miaka hiyohiyo, familia ya askari iliweza kupewa hospitali pale mtawala alipoona kuwa ina haki nayo.

Familia ya askari wa Kimeru ilipewa kitu kingine. Novemba 1951 serikali iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu waliambiwa wahamie Kingori, mahali walipopalalamikia kwa joto, homa na maradhi ya mifugo. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kupeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, na safari hiyo inakumbukwa kama moja ya hatua za mwanzo za kudai uhuru wa Tanganyika. Kwa afya ya watu maana yake ilikuwa rahisi: mzee aliyehitaji maziwa, ndizi na kivuli cha nyumbani kwake ili apone, alinyang'anywa vyote vitatu.

Kisha vikaja vita vyetu wenyewe. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi la Wananchi likapanuliwa haraka kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, hadi likapita watu 100,000. Vijana kutoka Arusha na Meru walikuwamo, kama walivyokuwamo kutoka kila mkoa. Walivuka Mutukula Januari 1979, wakaichukua Masaka Februari, wakapigana Lukaya Machi, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Sehemu kubwa ya mwendo huo waliutembea kwa miguu, mizigo mgongoni, katika msimu wa mvua.

Askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo, kwa hesabu rasmi, ni 373. Waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 96. Wengine walichukuliwa na mambo mengine, zikiwamo ajali za magari katika barabara mbovu. Nilipozisoma hesabu hizo mara ya kwanza nilikumbuka mara moja takwimu za mwaka 1916. Miaka 63 ilikuwa imepita, bendera ilikuwa yetu, makamanda walikuwa wetu, na bado risasi ilikuwa na sehemu ndogo ya vifo.

Mashujaa wa Kagera wana makaburi yao Kaboya, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Hilo ni jema na liendelee. Linalonisumbua ni wale waliorudi wazima, au walioitwa wazima. Aliyerusha makombora yale ambayo Waganda waliyaita sabasaba hakuwa na kizibo cha masikio. Aliyebeba bunduki, risasi na chakula kutoka Mutukula hadi mpaka wa Sudan alirudi na mgongo na magoti ya mzee akiwa na miaka 25. Aliyeona wenzake wakisagwa na lori usiku hakuulizwa na mtu analalaje. Tena mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na watu wakaanza kunyoosheana vidole. Wengine waliwalaumu wafanyabiashara wa magendo, wengine askari waliopita. Lawama ile iliwafanya askari wengi wa zamani waogope kupima, na kuogopa kupima kuliua.

Askari wa kawaida aliyeendelea na jeshi alikuwa na hospitali za jeshi, kubwa kuliko zote ikiwa Lugalo, Dar es Salaam. Mgambo alirudi kijijini. Aliingia vitani kwa dharura, mara nyingi kwa orodha ya kata au ya kiwanda, na akatoka kwa haraka ileile. Kutoka kijiji cha Momela hadi Lugalo ni zaidi ya kilomita 600, na mlangoni utaulizwa kitambulisho.

Nimesema kwamba ardhi hii ilimpokea pia askari wa Vietnam. Katika kijiji cha Imbaseni, jirani na barabara iendayo Momela, wapo Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi. Walikuja Tanzania mwaka 1972, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii kinachofundisha vijana wa Meru. Mwenzao mmoja wa zamani, Elmer Pratt, aliyejulikana kwa jina la Geronimo ji Jaga, alihamia kijijini hapo baadaye.

Ji Jaga alizaliwa Louisiana mwaka 1947. Alikuwa askari wa miavuli, akaenda Vietnam mara mbili, akajeruhiwa na kutunukiwa medali za ushujaa. Aliporudi alijiunga na Black Panther huko Los Angeles. Mwaka 1972 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ambayo daima alikana kuyafanya. Ukijumlisha na muda aliofungiwa kabla ya hukumu, alikaa gerezani miaka 27, minane ya kwanza katika chumba cha peke yake. Mwaka 1997 jaji alifuta hukumu hiyo baada ya kubainika kwamba shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa mpasha habari wa polisi na upande wa utetezi haukuambiwa. Mwaka 2000 alilipwa fidia ya dola milioni 4.5. Akaja Meru, akaishi na familia yake Imbaseni, akasaidia kazi za jamii, ikiwamo ya kuwapatia wanakijiji maji.

Alifariki nyumbani kwake Imbaseni mwanzoni mwa Juni 2011, akiwa na miaka 63. Pete O'Neal aliwaeleza waandishi wa habari kwamba rafiki yake alikuwa akisumbuliwa na shinikizo la damu na alikuwa amelazwa hospitalini, ila hakuvumilia kubaki humo, kwa sababu kufungiwa wodini kulimrudisha gerezani.

Habari hiyo fupi ina somo zito kwa kila anayetibu askari wa zamani. Dawa za presha zilikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Kilichomtoa mgonjwa kitandani ni kumbukumbu. Madaktari wa akili nchini Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa wa mfadhaiko unaotokana na matukio ya kutisha katika orodha yao mwaka 1980, baada ya miaka mingi ya wanajeshi wa Vietnam kudai kwamba wanachougua kinastahili kutambuliwa. Sasa inajulikana kwamba mfadhaiko huo hauishii kichwani. Unaambatana na presha, maradhi ya moyo, ulevi na kukosa usingizi, na humfanya mgonjwa akwepe hata mahali pa kumponya. Nchi yake ina mpango wa kuwalipia wastaafu wa jeshi matibabu ya maradhi yaliyotokana na utumishi hata wakiishi ng'ambo. Mpango huo ni mzuri, lakini unamtaka mgonjwa aingie hospitalini kwanza na atulie humo.

Daktari anayempokea mzee wa miaka 67 katika zahanati ya Ngare Nanyuki au Maji ya Chai leo humpima presha, sukari, na malaria. Mara chache sana atamuuliza: mzee, uliwahi kwenda vitani? Swali hilo halina gharama. Likiulizwa, masikio yatapimwa kabla mzee hajaambiwa kwamba ni mkaidi, magoti yataeleweka, na mke wake atapata nafasi ya kusema kwamba mumewe huweweseka usiku tangu mwaka 1979. Mgonjwa anayeogopa mlango uliofungwa atapewa kitanda karibu na dirisha, na ndugu wa kukaa naye.

Sera zetu si haba. Tangu mwaka 2003 taifa lina Sera ya Wazee, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini mzee anayeambiwa dawa zimekwisha, anunue nje, hajatibiwa bure. Na sheria ya bima itamfikia mpiganaji wa Kagera kwa haraka ikiwa tu kuna mtu anayejua alipo.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Ulinzi, pamoja na halmashauri za Meru, Arusha, Longido na Monduli, ziwaandikishe wapiganaji wote wa Kagera walio hai, mgambo wakiwamo, wenye vyeti na wasio na vyeti. Asiye na cheti ashuhudiwe na wenzake wa kombania moja. Wapo, na wanakumbukana kwa majina. Orodha hiyo ipelekwe Wizara ya Afya, kila mmoja apewe kadi ya bima iliyolipiwa na taifa, na zahanati za vijijini ziagizwe kuwapima masikio, macho, viungo, presha na afya ya akili. Aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Mutukula sasa amepita 65, na makamanda wake wengi wamekwisha kufa. Kazi hii ianze mwaka huu.